Rachida na Nguzo ya Tatu

Rachida Idrissa alifukuzwa kazi mara mbili kwenye daraja la Mulonga, na mara zote mbili alirudi akiwa na kofia yake ngumu kichwani na koleo mfukoni.

Mara ya kwanza haikuchukua hata dakika tano. Kampuni iliyokuwa ikijenga barabara mpya ya njia nne kati ya Likasi na Lubumbashi ilikuwa inatafuta wafunga nondo, ambazo kule huitwa fera, na jina lake lilitoka kwenye orodha iliyobandikwa getini: Idrissa R. Alipofika mbele ya meza, karani, kijana wa miwani aliyeitwa Eddy, alimtazama, akatazama orodha, akamtazama tena.

"Idrissa iko wapi? Ni bwana yako?"

"Ni baba yangu. Lakini jina ya hapo ni yangu. Njo minye."

"Mama, hapa tunatafuta bantu ya kufunga fera."

"Njo minye," Rachida akarudia, kwamba ndiye yeye.

Eddy alichukua kalamu akalikata jina. Wanaume waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na Rachida akarudi nyumbani, mtaa wa Kikula mjini Likasi.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi aliingia getini katikati ya kundi la wanaume, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya kukunjia nondo, akaanza kukunja zile pete za mstatili ambazo huzungushwa kwenye nguzo ili kuibana. Eddy alipomwona, zilikuwa zimefika arobaini, zimepangwa kama sahani, hakuna iliyopinda. Pembeni alisimama Evariste, shefu wa shantie, yaani msimamizi wa eneo la ujenzi, mzee mwenye mvi na mikono iliyojaa makovu ya waya.

"Nani aliingiza huyu?" Eddy aliuliza.

"Andika jina yake," Evariste alisema. "Huyu, minye njo nilimufundisha."

Na ilikuwa kweli.

Kijito cha Mulonga chenyewe si kitu cha kuogopa. Wakati wa kiangazi mtu hukiruka bila kulowesha ndala. Bonde lake ndilo shida. Limekatika ghafla, zaidi ya mita sitini kutoka ukingoni hadi chini, na barabara ya zamani inashuka humo kwa kona tano, inapita kwenye kidaraja cha chuma chenye upana wa gari moja, kisha inapanda tena. Kabla ya daraja, malori ya shaba yaliyokwenda mpakani yaliteremka kwa gia ya kwanza, breki zikifuka moshi, na watu waliolima mboga chini waliacha majembe na kutazama juu mpaka lori lipite.

Baba yake Rachida, mzee Idrissa, ambaye wazazi wake walitoka Kasongo wakaja kufanya biashara Katanga, alipita kona hizo miaka ishirini akipeleka kwa lori samaki wa chumvi wa ziwa Tshangalele kwenye soko la Lubumbashi. Siku moja breki zilimwacha kwenye kona ya pili. Aliruka, lakini lori likamlalia mguu, na hospitali wakaukata juu ya goti. Rachida alikuwa na miaka kumi na tisa, mkubwa kati ya watoto watano. Aliacha shule mwezi ule ule na kwenda kubeba kokoto kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa ng'ambo ya mtaa wao.

Fundi wa nyumba ile alikuwa Evariste. Mchana, wanaume walipokaa kula bukari, yaani ugali, Rachida alikuwa akiokota vipande vya waya na kujaribu kufunga nondo kama alivyowaona wakifunga. Siku ya nne Evariste aliinama juu ya msingi, akavuta fundo moja, halikulegea.

"Nani alifunga hii?"

Aliwatazama mmoja mmoja. Akavuta jingine.

"Minauliza nani alifunga."

"Ni minye, Papa," Rachida alisema, akidhani atagombezwa.

Tangu siku hiyo Evariste alimtoa kwenye kokoto. Alimfundisha kusoma plani, yaani ramani ya ujenzi, kupima, kukata bila kupoteza, kukunja bila kuvunja. Alipoona wengine wakiharakisha kazi kabla ya zege kumwagwa, alikuwa anawaambia: "Kisha kumwaga betoni, hakuna muntu ataona tena kile ulifanya. Kwa hiyo fanya muzuri sasa." Walifanya kazi pamoja miaka kumi na miwili: nyumba za Panda, ghala la Kambove, madarasa, kanisa la Evariste mwenyewe ambamo Rachida, Mwislamu, alifunga kila nguzo.

Basi daraja la Mulonga lilipoanza, walikuwa wote wawili pale.

Daraja lilikuwa na nguzo tano za zege. Nguzo ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, na mguu wake ulikuwa katikati ya bonde, hatua chache tu kutoka kwenye kijito. Ilipangwa imwagwe kabla ya mvua, kwa sababu mvua ikianza Mulonga hupanda na shimo la msingi huwa bwawa. Lakini Oktoba ile nondo nyembamba za kutengenezea pete zilikwama mpakani Kasumbalesa. Wiki moja, wiki mbili. Kila asubuhi mkurugenzi wa shantie, aliyeitwa na wote Direkta, alitazama mawingu, akapiga simu, akakata simu akitukana.

Ijumaa timu ya Rachida ilipelekwa juu, kwenye ukingo, kufunga sehemu ambapo daraja hukutana na barabara. Jumamosi mchana aliteremka kuchukua waya. Akakuta watu wengine wanafunga mbao na bamba za chuma kuzunguka mguu wa nguzo ya tatu, tayari kwa zege. Upande mmoja tu ulikuwa bado wazi.

Alisogea akaingiza mkono. Plani ilisema pete moja mpaka nyingine sentimita kumi na tano. Shubiri ya Rachida ni ishirini. Alizoea mkono wake kuziba nafasi ile na kuzidi. Alitandaza vidole, na kidole cha mwisho kikabaki hewani. Akapima chini yake, hewani tena. Akahesabu mpaka usawa wa magoti: pete zilikuwa nusu ya zile zilizotakiwa.

Evariste alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuuliza anatafuta nini.

"Papa Evariste, hii ni nini?"

"Toka hapo, mutoto wangu. Wacha bafunge."

"Pete ni nusu."

"Ninajua."

"Na Mama Berthe aliona?" Berthe alikuwa enjenia wa ukaguzi, mwanamke wa Lubumbashi aliyekuja kila Jumatatu. Bila sahihi yake, nguzo haikupaswa kufungwa mbao.

Evariste alitazama kijito. "Direkta alimutumia mafoto. Mafoto ya nguzo ya pili."

Rachida alipandwa na hasira. Si kwa Direkta. Kwa Direkta hakushangaa.

"Na weye ulikubali?"

"Mvula inakuya! Fera haikuye. Unataka nifanye nini? Banasema nguzo ni kubwa, itabeba. Niko na miaka sitini na mbili, Rachida. Wapi tena nitapata kazi?"

"Malori yote ya shaba yatapita hapa juu."

"Toka hapo," alisema tena, kwa sauti ya chini, na Rachida akaona kwamba mzee alikuwa ameona aibu. Hilo lilimuumiza kuliko pete.

Alipanda ukingo mzima kwa miguu mpaka ofisini na kumwambia Direkta mwenyewe. Direkta alimsikiliza akiwa anaandika. Rachida alipomaliza, Direkta alinyoosha mkono kuomba beji yake.

"Kazi yako ni kufunga," alisema. "Kupiga hesabu ya nguzo si kazi yako. Uende nyumbani."

Alitaka kumpigia Berthe, lakini namba hakuwa nayo. Hakuna mfunga nondo aliyekuwa nayo. Alichojua ni kwamba Berthe hufika Jumatatu karibu saa tatu, na kwamba zege lilipangwa kumwagwa Jumatatu hiyo hiyo saa kumi na mbili asubuhi.

Jumapili, baada ya kula, alimweleza baba yake. Mama yake, Mayimuna, aliacha kuosha sahani akasikiliza. Mzee Idrissa aliegemeza magongo yake ukutani.

"Wacha hiyo maneno," alisema mwishowe. "Umeshasema, basi. Kazi njo inalisha hii nyumba. Ukiomba musamaha, Evariste atakurudisha."

"Baba, ni mu bonde ile ile uliacha mguu."

"Njo maana minakuambia. Mguu yangu ilitosha. Sipendi na weye upate matatizo pale."

"Sitaomba musamaha," Rachida alisema.

"Weye ni mugumu."

"Ni mutoto yako," Mayimuna alisema kutoka mlangoni, na kurudi kwenye sahani zake.

Jumatatu Rachida aliswali alfajiri, akapanda teksi ya kwanza, akashuka kabla ya kufika getini. Bila beji asingepita. Alifuata njia ya wanawake wa bustani, ile inayoteremka kati ya mawe nyuma ya kona ya tatu, akavuka Mulonga viatu mkononi. Kulikuwa kunapambazuka. Chini ya nguzo magari mawili ya zege yalikuwa yanazungusha matumbo yake, pampu imewashwa, na Dodo, mshika mpira wa pampu, alikuwa anavaa glavu. Dodo ndiye aliyempa Rachida jina la Madame Pete, na shantie nzima ilikuwa inalitumia.

Alimpita. Akapanda ngazi ya mbao mpaka juu ya kofraji, lile boma la mbao na bamba, mita nne kutoka chini, akavuka ukingo wake, na kukaa juu ya nondo katikati kabisa, pale ambapo zege lilipaswa kuingilia.

"Madame Pete, unafanya nini pale?" Dodo alipaza sauti. "Shuka, tunamwaga."

"Hamumwage. Minye sitoke hapa mpaka Mama Berthe afike."

Walifikiri ni mchezo. Kisha hawakufikiri hivyo tena. Mtu mmoja alimwita mchawi, mwingine alisema mvua ikiwakuta shimoni watajua ni nani aliyewaletea. Mwingine alimwomba kwa upole, kama unavyomwomba mgonjwa. Rachida alishika nondo mbili, moja kila mkono, na kutazama mbele. Alikuwa anaogopa.

Direkta alifika saa moja na nusu, buti zimejaa tope.

"Mutoeni!"

Vijana wawili walianza kupanda. Ngazi ilikuwa nyembamba na juu hapakuwa na mahali pa kusimama. Wa kwanza alipofika, Rachida alimwambia, "Ukinivuta, tutaanguka wote wawili," na kijana akaona ni kweli, akashuka.

"Basi mwaga!" Direkta alimgeukia Dodo. "Akiona betoni inakuya, atatoka mwenyewe."

Dodo alishika ule mpira mzito. Aliutazama, akamtazama Rachida.

"Juu ya muntu?" aliuliza.

"Mwaga, nimesema!"

"Hapana, Direkta." Dodo aliulaza mpira chini taratibu. "Minye niko mshika mpira. Siko muuaji."

Ndipo wote wakaanza kutazama magari ya zege. Zege halingoji mtu. Likishachanganywa lina muda wake, na muda ukipita hugandia ndani ya tumbo la gari. Dereva wa kwanza alipiga honi. Akapiga tena. Saa mbili akasema hawezi kuharibu gari la watu, akarudi nyuma, akamwaga zege lote kwenye nyasi kando ya kijito, lundo la kijivu linalotoa mvuke. Nusu saa baadaye gari la pili likafanya vivyo hivyo.

Evariste alipanda ngazi peke yake. Alifika juu, akaweka viwiko kwenye ukingo wa kofraji, akahema.

"Shuka, mutoto wangu."

"Papa, uniletee Mama Berthe, nitashuka."

"Unajua itanipata nini?"

"Ninajua," Rachida alisema, na machozi yakamtoka, lakini mikono haikuachia nondo. "Ninajua, Papa. Na sishuke."

Mzee alishuka. Alikaa juu ya jiwe, mbali na wengine.

Gari la Berthe lilionekana kwenye ukingo saa tatu kasorobo. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, asiyependa maneno mengi. Alisikiliza pande zote mbili dakika moja tu, kisha akasema: "Mufungue bamba moja. Chini kabisa."

Bamba likafunguliwa. Berthe alipiga magoti kwenye tope, akatoa mita ya kupimia, akaiweka kati ya pete na pete, akasoma kwa sauti: "Makumi tatu. Makumi tatu na moja. Makumi mbili na kenda." Alisimama, akafuta magoti.

"Nani alitoa amri?"

"Ni kosa ya bafunga fera," Direkta alisema haraka. "Ni timu ya huyu mama. Alikosea, sasa anatafuta namna ya kujificha."

Watu wote walisikia. Rachida, juu ya kofraji, aligeuka kumtazama Direkta. Hilo hakulitegemea.

Evariste aliinuka kwenye jiwe lake. Alivua kofia, kana kwamba ameingia ndani ya nyumba ya mtu.

"Hapana," alisema. "Timu yake haikuwa hapa. Minye njo niliamuru bafunge vile. Na minye baliniamuru."

Hakumwonyesha Direkta kwa kidole. Hakukuwa na haja. Berthe aliandika kwenye daftari lake, akararua ukurasa, akampa Direkta nakala, kisha akatazama juu.

"Mama, sasa unaweza kushuka."

Miguu ya Rachida ilikuwa imekufa ganzi. Dodo ndiye aliyepanda kumshikia ngazi.

Ningependa kusema kwamba walimbeba mabegani. Hawakumbeba. Evariste alifukuzwa wiki ile ile. Direkta alibaki, na miezi mitatu baadaye akaondoka, wakasema ni likizo. Rachida alirudishiwa beji na Eddy. Nondo zilifika kutoka Kasumbalesa tarehe mbili Novemba, na mvua ikafika tarehe tano. Mulonga ulipanda, shimo likajaa, na kwa wiki tatu walipiga pampu na kusukuma tope hadi kiunoni. Wengi hawakumsalimia. "Unaona sasa?" walimwambia, wakimwonyesha maji. Aliwajibu, "Ninaona," akaendelea kufunga. Aliifunga upya nguzo ya tatu, pete kwa pete, sentimita kumi na tano, na Berthe alipima kila moja kabla ya kusaini.

Kwa Evariste, kule Panda, alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mke wake, Stéphanie, alisema hayupo, ingawa redio yake ilikuwa inasikika. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu mzee mwenyewe alitoka, akakaa kizingitini, na hakumwambia akae.

"Nilikuambia itanipata nini."

"Uliniambia."

"Na ulikaa tu."

"Nilikaa."

Evariste alisugua makovu ya mikono yake. "Ungetoka pale, minye ningemwaga. Njo inaniumiza. Kufukuzwa, hapana. Ni kujua kama ningemwaga." Kisha akaongeza: "Nilikufundisha mubaya, weye."

"Ulinifundisha muzuri, Papa. Njo matatizo yenyewe."

Mzee alicheka bila kutaka kucheka, na Stéphanie akaleta kiti.

Daraja lilifunguliwa mwaka uliofuata, mwishoni mwa kiangazi. Malori yanapita juu ya Mulonga sasa bila kubadili gia, na watu wa bustani wanalima bila kutazama juu. Siku ya sherehe kulikuwa na utepe, bendera, na hotuba ndefu. Wafanyakazi walisimama nyuma ya kamba. Rachida hakwenda kusimama nyuma ya kamba. Alikwenda ofisini, mbele ya meza ya Eddy, kuchukua cheti chake cha kazi.

Kiliandikwa kwamba alikuwa kibarua.

"Andika kazi yangu," alisema, akikirudisha.

"Mama, leo ni sherehe. Kuya siku ya pili."

Rachida alivuta kiti akakaa. "Niko na siku yote."

Eddy alimtazama. Alikuwa pale bondeni Jumatatu ile, na alijua siku yote maana yake nini. Aliwasha mashine, akaandika upya: mfunga nondo, shefu wa timu. Akatia muhuri. Rachida alisoma kila mstari, polepole, kisha akakikunja na kukitia ndani ya mkoba. Lakini hakuinuka.

"Nini tena?"

"Sasa andika ya Papa Evariste. Shefu wa shantie, myezi makumi mbili."

"Ule alifukuzwa, Mama. Mwenye kufukuzwa hapewake cheti."

"Alifanya kazi, ao hakufanya?"

Nje makofi yalipigwa. Mtu mkubwa alikuwa anakata utepe. Eddy alitazama mlango, akatazama saa, akamtazama yule mwanamke aliyekaa mbele yake, mikono imetulia magotini. Akavuta karatasi nyeupe.

"Jina yake yote ni nani?" aliuliza.